KARIBU NI WAPI? Historia ya swali moja katika jiometria ya kukokotoa

1. Utangulizi

Jarida la masomo ya Kiswahili limezoeleka kuwa uwanja wa sarufi, wa fasihi na wa historia ya lugha. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza: jiometria inatafuta nini humu? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, elimu inayofundishwa katika vyuo vikuu vyetu kwa Kifaransa peke yake hubaki mgeni nyumbani, na hakuna atakayeifungulia mlango wa Kiswahili iwapo wanaisimu wenyewe wanaikwepa. Pili, elimu tunayotaka kuieleza imejengwa juu ya neno ambalo kila mtoto hulijua kabla hajaanza shule, nalo ni neno karibu.

Jiometria ya kukokotoa ni tawi la hisabati na la elimu ya kompyuta. Jiometria ya kale huuliza: je, jambo hili ni kweli kuhusu pembetatu au kuhusu duara? Jiometria ya kukokotoa huongeza swali lingine: mashine italipata jibu kwa hatua ngapi? Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha jibu linalopatikana leo na jibu ambalo lingesubiriwa majuma.

Hatutaweza kueleza tawi zima katika kurasa chache. Tutafuata swali moja tu, tangu karne ya 17 hadi siku zetu: ikiwa mji una visima vingi, ni sehemu gani ya mji iliyo karibu na kisima hiki kuliko visima vingine vyote? Tutajaribu kuonyesha kwamba kompyuta haikulizua swali hilo wala haikulimaliza. Iliongeza kasi ya kulijibu. Lakini kuamua nini maana ya karibu kumebaki kazi ya binadamu, na mara nyingine uhai wa watu hutegemea uamuzi huo.

2. Kutoka ardhi hadi namba

Neno jiometria ni la Kiyunani, na maana yake ni kupima ardhi. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 K.K., alisimulia kwamba elimu hiyo ilizaliwa Misri, ambako mto Nili ulimega mashamba, nao wapimaji wa mfalme wakalazimika kupima upya kilichobaki ili kodi ipunguzwe kwa haki. Karibu na mwaka 300 K.K., Euclid wa Aleksandria alikusanya maarifa ya wakati wake katika mpangilio wa hoja uliofundishwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kila mchoro wa Euclid ni mfuatano wa hatua za rula na bikari. Kwa maana hiyo yeye ni babu wa elimu tunayoizungumzia, ingawa hakuwa na haja ya kuhesabu hatua hizo.

Ilibaki shida moja. Umbo huonekana kwa macho, nayo mashine haina macho. Daraja kati ya umbo na namba ilijengwa na Mfaransa René Descartes katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637. Alionyesha jinsi mistari na maumbo yanavyoweza kushughulikiwa kwa hesabu za aljebra. Kutokana na kazi hiyo tumepata desturi ya kuitaja kila nukta kwa namba mbili, kama vile nyumba inavyotajwa kwa barabara yake na namba yake. Tangu hapo pembetatu iliweza kuandikwa kwa namba sita tu. Kompyuta ya leo haijui pembetatu nyingine isipokuwa hiyo ya namba.

Descartes huyohuyo, katika kitabu cha falsafa alichokitoa mwaka 1644, alichora anga kana kwamba imegawanywa katika maeneo, kila eneo likizunguka nyota yake. Fizikia yake ya anga imekwisha kuachwa. Hata hivyo mchoro wake hukumbukwa na wanajiometria, kwa kuwa ndani yake twaona wazo la kugawa nafasi yote kati ya nukta chache, kila nukta ikitawala mazingira yake.

3. London, mwaka 1854

Wazo hilo lilishuka kutoka mbinguni hadi mitaani katika msiba. Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho mjini London. Ndani ya siku kumi hivi, watu zaidi ya 500 walifariki katika eneo dogo mno, na jumla ya vifo ilipita 600. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow aliamini kwamba huletwa na maji.

Snow alipofuatilia nyumba za marehemu, aliona kwamba karibu zote ziliizunguka pampu ya maji iliyokuwa Broad Street. Jioni ya tarehe 7 Septemba aliwaeleza wakuu wa parokia ya eneo hilo hoja zake, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Tukumbuke, kwa ajili ya haki ya historia, kwamba wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, na Snow mwenyewe alilikiri jambo hilo. Umuhimu wa kazi yake uko katika namna alivyofikiri.

Katika ramani aliyoitoa mwaka 1855 kwa tume ya uchunguzi ya parokia, kila kifo kiliwekewa alama. Kisha Snow aliongeza mstari wa nukta uliopita mahali ambapo mtu angekuwa sawasawa kati ya pampu ya Broad Street na pampu nyingine za jirani. Ndani ya mstari huo, pampu iliyo karibu zaidi ilikuwa ile ya Broad Street. Nje yake, ilikuwa nyingine. Vifo vilijaa ndani ya mstari, na kuuelekea mpaka huo vikapungua au kutoweka.

Matukio yaliyoonekana kuipinga ramani ndiyo yaliyoithibitisha. Nyumba ya maskini iliyozungukwa na vifo ilikuwa na watu 535, lakini wachache tu walifariki: ilikuwa na kisima chake yenyewe. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani na pampu walinusurika: walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na maji yake. Kinyume chake, mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali na Soho, alifariki kwa kipindupindu. Ilibainika kwamba aliyapenda maji ya Broad Street na kuletewa kila siku kwa gari. Kwa hiyo ukaribu ulikuwa kipimo kizuri cha nani alikunywa maji yapi, lakini haukuwa amri.

Tena kuna jambo moja ambalo twaomba msomaji aliweke akilini, kwa kuwa tutalirudia. Mstari wa Snow haukupimwa kwa rula juu ya karatasi. Ulipimwa kwa kufuata barabara, yaani kwa njia ambayo mtu aliyebeba ndoo angeipita.

4. Himaya za nukta

Wanahisabati walilifikia wazo hilohilo kwa njia nyingine, bila kufikiria visima wala magonjwa. Mwaka 1850 Mjerumani Dirichlet alilitumia katika utafiti juu ya namba. Mwaka 1908 Georgy Voronoi, mzaliwa wa Ukraine aliyefundisha Warsaw, alilipanua kwa nafasi yenye vipimo vingi kuliko viwili au vitatu. Alifariki mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 40. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba makala yake maarufu aliyaandika kwa Kifaransa, lugha ambayo haikuwa ya mama yake. Boris Delaunay, mwanahisabati Mrusi, naye aliandika kwa Kifaransa makala yake ya mwaka 1934 juu ya tufe tupu, akayatoa kwa kumbukumbu ya Voronoi. Lugha ya sayansi, basi, ni jambo la kuchagua na la kufanyia kazi; haizaliwi pamoja na sayansi yenyewe.

Mchoro wenyewe ni rahisi kuueleza. Tuseme kuna visima viwili, A na B, kwenye uwanja tambarare. Uunganishe A na B kwa mstari, tafuta katikati yake, kisha hapo piga mstari mwingine unaoukata wa kwanza kwa pembe mraba. Yeyote aliye upande wa A yuko karibu na A. Yeyote aliye upande wa B yuko karibu na B. Na aliye juu ya mstari yuko sawasawa. Vikiwapo visima vingi, fanya hivyo kati ya A na kila kisima kingine. Kinachobaki kuizunguka A ni umbo lenye pande zilizonyooka, yaani poligoni. Wataalamu huliita seli ya Voronoi. Sisi twapendekeza kuliita himaya ya A, kwa sababu neno himaya lina maana ya eneo na pia ya ulinzi wa yule anayelishika.

Delaunay alikamilisha picha hiyo. Ukiunganisha kwa mistari visima ambavyo himaya zao hupakana, kwa kawaida utapata mtandao wa pembetatu. Mtandao huo una sifa ya ajabu: ukichora duara linalopita katika pembe tatu za pembetatu yoyote, hutakuta kisima kingine ndani yake. Duara ni tupu. Kwa sababu hiyo pembetatu za Delaunay huepuka, kadiri iwezekanavyo, pembe nyembamba kupita kiasi. Ndiyo maana hutumika kuunda sura ya milima na mabonde katika ramani za kompyuta.

5. Gharama ya hatua

Mpaka hapa kompyuta bado haijaonekana. Kwa visima kumi, mchoraji mvumilivu hufaulu kwa penseli: kuna jozi 45 za kulinganisha. Kwa visima 10,000, jozi ni 49,995,000. Kwa visima milioni moja, jozi hukaribia bilioni 500. Mashine inayolinganisha jozi milioni moja kwa sekunde ingehitaji karibu siku sita kuzimaliza.

Katika miaka ya 1960 na 1970, watafiti waligundua kwamba mashine yenye kasi zaidi si dawa ya kutosha. Yahitajika njia bora ya kufikiri. Njia hiyo, yaani mpangilio kamili wa hatua unaofikisha kwenye jibu, huitwa algoriti. Mwanaisimu ataielewa upesi akifikiria kamusi. Kamusi yenye maneno 10,000 ukiisoma tangu mwanzo, huenda ukasoma maneno yote 10,000 kabla ya kulikuta unalolitaka. Lakini kwa kuwa imepangwa kwa alfabeti, waweza kuifungua katikati, ukaacha nusu isiyofaa, ukaendelea kugawanya. Hutahitaji zaidi ya hatua 14. Maneno ni yaleyale. Kilichookoa muda ni mpangilio.

Mwaka 1972 Ronald Graham, wa maabara ya Bell nchini Marekani, alitumia upangaji wa namna hiyo kwa tatizo la ua. Chukua vigingi vingi vilivyosimikwa uwanjani, uvizungushe kamba na kuikaza: ni vigingi vipi vitakavyoigusa kamba? Graham alianza kwa kuvipanga vigingi kufuatana na pembe, kisha akavipitia kwa zamu, akiviacha vile vilivyoangukia ndani.

Mwaka 1975 Michael Shamos na Dan Hoey walifanya hivyo kwa swali letu la visima. Waligawanya nukta katika makundi mawili, wakachora himaya za kila kundi peke yake, kisha wakaziunganisha kwenye mpaka. Na kila kundi likagawanywa tena kwa namna ileile. Kwa nukta milioni moja, hesabu ya juu juu hutoa hatua milioni 20 hivi badala ya bilioni 500. Zile siku sita zikawa sekunde 20. Zaidi ya hayo, walithibitisha kwamba hakuna njia ya jumla ya kulinganisha itakayoshinda kiwango hicho cha kasi. Mwaka 1986 Steven Fortune aligundua njia nyingine iliyo nyepesi kuandika: mstari mmoja hulifagia eneo zima kutoka upande hadi upande, nazo himaya huundwa nyuma yake kadiri mstari unavyozikuta nukta.

Jina la tawi nalo lilikuwa likitafuta maana yake. Marvin Minsky na Seymour Papert walilitumia mwaka 1969 katika kitabu chao juu ya mashine za kutambua maumbo. Tasnifu ya Shamos ya mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Yale ndiyo iliyolipa jina hilo maana lililo nayo leo. Mwaka 1985 ulitoka mfululizo wa mambo mawili: kitabu cha kufundishia alichokiandika pamoja na Franco Preparata, na mkutano wa kwanza wa kila mwaka wa wataalamu wa elimu hii, uliofanyika Baltimore.

6. Matumizi, pamoja na mipaka yake

Matumizi ya himaya ni mengi, tutaje machache. Mwaka 1911 Alfred Thiessen, mtaalamu wa hali ya hewa nchini Marekani, alikabiliwa na tatizo la wastani wa mvua. Vituo vya kupimia mvua havikusambaa sawasawa: huku vimesongamana, kule kimoja tu. Alikipa kila kituo uzito kulingana na ukubwa wa eneo lililo karibu nacho. Hadi leo wanahaidrolojia huyaita maeneo hayo poligoni za Thiessen.

Kwa msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, mfano wa migodi utakuwa karibu zaidi. Kabla ya kuchimba, huchorongwa mashimo ya uchunguzi na kupimwa kiasi cha shaba katika sampuli. Njia ya zamani ya kukadiria ilikuwa kudhani kwamba ardhi yote iliyo karibu na shimo fulani ina utajiri uleule wa shimo hilo. Hiyo si nyingine ila ni himaya ya Voronoi. Lakini mwaka 1951, mhandisi Danie Krige alionyesha, kwa takwimu za dhahabu ya Witwatersrand huko Afrika Kusini, kwamba njia za namna hiyo hupotosha: mahali palipokadiriwa kuwa tajiri sana palitoa pungufu ya makadirio, na palipokadiriwa kuwa maskini palitoa zaidi. Jirani mmoja hatoshi kuwa shahidi. Yafaa kuwasikiliza majirani wengi, kila mmoja kwa uzito wake. Mfaransa Georges Matheron aliijenga nadharia nzima juu ya msingi huo, na njia yenyewe akaipa jina la Krige. Nadharia hiyo, iliyozaliwa katika machimbo ya bara letu, sasa hutumika ulimwenguni kote.

Somo ni kwamba hesabu yaweza kuwa sahihi kabisa na makadirio yakawa ya uongo, ikiwa dhana iliyotangulia haikuchunguzwa.

7. Umbali na mwendo

Hapa ndipo lugha yetu inapoweza kusema neno. Kiswahili kina maneno mawili ambayo wanajiometria wangeyaonea wivu: umbali na mwendo. Twasema umbali wa kilomita kumi. Lakini msafiri akimwuliza mzee njiani, hujibiwa kwamba ni mwendo wa saa tatu, au mwendo wa siku mbili. Umbali hupimwa na ndege arukaye. Mwendo hupimwa na miguu, pamoja na mto, matope na mzigo kichwani.

Himaya za Voronoi na za Delaunay ni himaya za umbali. Mstari wa John Snow ulikuwa mstari wa mwendo. Yeye hakuwa na kompyuta wala nadharia, lakini alijua kwamba mwenye ndoo hapiti katikati ya kuta.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519, na kila zoni katika maeneo madogo yenye vituo vya afya. Mara nyingi wapangaji wa huduma huchukua kilomita 5 kuwa kipimo cha kijiji kilicho karibu na kituo. Duara la kilomita 5 ni rahisi kuchora. Lakini kijiji kilicho ng'ambo ya Lualaba, mkabala wa kituo na mbali na kivuko, kiko ndani ya duara na nje ya huduma. Njia inayopitika mwezi wa Julai yaweza kuwa kinamasi mwezi wa Februari. Kwenye ramani himaya haibadiliki. Kwa mama anayembeba mtoto anayeharisha, imebadilika.

Historia ya karibu yatuonya. Mwezi wa Julai 1994, kipindupindu kilizuka miongoni mwa wakimbizi waliotoka Rwanda na kukusanyika pembeni mwa Goma. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walifariki kwa kipindupindu na magonjwa mengine. Ardhi ya mawe ya volkano ilifanya uchimbaji wa vyoo kuwa mgumu, na maji salama yalikuwa haba. Ziwa Kivu lilikuwa karibu, na wengi waliteka humo. Swali la Snow lilikuwa lilelile baada ya miaka 140: nani huyapata maji yapi, na kwa mwendo gani?

Tusiilaumu kompyuta. Mwaka 1959 Mholanzi Edsger Dijkstra alitangaza algoriti ya kutafuta njia fupi kuliko zote katika mtandao wa barabara, na kwa msingi huo himaya za mwendo huweza kukokotolewa leo kwa urahisi kama zile za umbali. Algoriti zipo tayari. Kinachohitajika ni maarifa ya kuzilisha: kivuko kiko wapi, daraja lipi limevunjika, njia ipi hufungwa na mvua. Maarifa hayo hayamo katika vitabu vya Yale wala vya Paris. Yamo vinywani mwa watu wa vijijini, nao huyasema kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi yetu.

8. Hitimisho

Tumefuata swali moja tangu anga ya Descartes, tukapita pampu ya Broad Street na mashimo ya migodi, hadi mashine zinazojibu kwa sekunde chache. Katika safari hiyo tumetumia maneno ya kawaida: nukta, ua, himaya, umbali, mwendo. Machache tumeyakopa, kama algoriti na poligoni, na hakuna aibu katika kukopa. Hayo yatosha kuonyesha kwamba Kiswahili hakikosi uwezo wa kuibeba elimu hii. Kinakosa wabebaji.

Twawaomba basi wenzetu wa Kitivo cha Sayansi na wanafunzi wa isimu wakutane juu ya kazi moja ndogo. Wachague zoni moja ya afya, wawaulize wakazi wake mwendo kutoka kila kijiji hadi kila kituo, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kisha wachore ramani mbili: moja ya umbali, nyingine ya mwendo. Mahali ramani hizo zitakapotofautiana ndipo penye watu tuliodhani kwamba wako karibu.